Anguko Alilolikataa Mama Danieli

Danieli alinipigia simu Jumatatu asubuhi kuniambia mama yake amefariki, na kabla sijapata neno la kumpa pole akaniomba niandike wasifu wa marehemu. "Dada Tumaini, wewe ndiye unayejua hivi vitu," alisema. "Kiswahili changu kitawachekesha watu, and she would hate that." Nilikubali, kisha nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi, nikiogopa. Wasifu wa kwetu una mpangilio wake, na kila aliyewahi kuhudhuria msiba anaujua: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, kipaimara, ndoa, kazi, ugonjwa, ameacha nani. Hayo yote ningeweza kuyaandika huku nimefumba macho. Niliogopa mstari mmoja tu, ule unaosema marehemu alijaliwa watoto wangapi. Danieli amekua akijiona mtoto wa pekee, na kama aliwahi kusikia vinginevyo hajaniuliza hata siku moja. Mimi najua walikuwa wawili. Najua pia kwamba mwaka ule niliokaa nyumbani kwao niliitoa siri hiyo mbele za watu bila ruhusa ya mwenyewe. Nikiandika mmoja, nitakuwa nimemzika yule mtoto mara ya pili. Nikiandika wawili, nitakuwa nimemwaibisha mama yake mara ya pili, safari hii akiwa ndani ya jeneza na hawezi hata kutoka ukumbini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuja Toronto kwa ufadhili wa masomo kuandika tasnifu kuhusu namna Wakristo wa karne za mwanzo walivyolieleza anguko la mwanadamu, na nilijiona kichwa kweli kweli. Mama Danieli alinipokea kwa kuwa alitoka Machame na mimi natoka Siha, huko huko Kilimanjaro, na kwa kuwa Danieli alikuwa amekwenda kusoma Ottawa akaacha chumba. Aliishi ghorofa ya tisa huko Mount Dennis, katika jengo ambalo lifti yake ilinuka kari ya mbuzi ya Wajamaika kuanzia Ijumaa jioni. Chumba nilicholala kilikuwa bado na picha za wachezaji wa mpira wa kikapu ukutani, nami nilipanga vitabu vyangu chini yao. Lakini mwaka ule niliuishi jikoni. Jiko lilikuwa jembamba, bomba la joto likipiga kelele chini ya dirisha, na kati ya meza na jokofu palisimama ubao wa kupigia pasi ambao haukukunjwa kamwe, ukitaka kupita unageuka ubavu. Mama Danieli alikuwa mjane mwenye miaka arobaini na kitu, akifanya kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa akirudi saa tisa mchana, anavua viatu, anakaa dakika kumi, halafu anawasha pasi yake mwenyewe. Watu walimshangaa. Mimi nilikuja kuelewa kwamba nguo za kazini alizipiga pasi kwa ajili ya mshahara, na pasi ya nyumbani ilikuwa sala yake.

Kila Jumamosi kilichokuwa juu ya ubao ule kilikuwa kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana. Ushirika wetu wa Kiswahili ulikodi ukumbi wa chini wa kanisa moja kule Etobicoke, tukiingia Jumapili mchana wenyewe wakishatoka, na vyombo vyetu vyote vya ibada vililala kwa Mama Danieli. Alikifua kitambaa kwa mkono, akakitia uwanga alioupika mwenyewe, akakipiga pasi kikiwa bado na unyevu, akianzia kwenye msalaba uliotariziwa katikati na kwenda nje, kamwe si kinyume. Alikuwa akioka na mkate. Ilinichukua wiki nyingi kugundua jambo ambalo mtu mwenye macho angeliona siku ya kwanza. Yeye aliyeitandika ile meza hakuila. Watu walipopanga mstari kwenda kupokea, Mama Danieli alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi akichemsha chai ya maziwa, na chai ile ilikuwa na bahati ya ajabu ya kuhitaji kukorogwa wakati huo huo kila Jumapili.

Tulikula mtori karibu kila siku, kwa ndizi mbichi alizozinunua kwa muuzaji mmoja Mjamaika ambaye alimwekea zile ngumu pembeni. Akishapakua aliniuliza, "Haya, leo hao wazee wako wamesemaje?" Wazee wangu ndio walikuwa wale waandishi wa kale. Nami nilimweleza, nikijifanya nafanya mazoezi ya mtihani, ingawa ukweli ni kwamba hakuna profesa aliyewahi kunisikiliza vile. Nilimweleza kuhusu watu walioitwa Wagnostiki, watu wa maarifa ya siri, ambao wengine wao walisoma habari ya bustani kichwa chini miguu juu. Kwao yule aliyekataza tunda hakuwa Mungu mkuu, alikuwa mtawala mdogo mwenye wivu, na kula kulikuwa mwanzo wa kufumbuka macho. Alicheka akasema watu hao wangepata shida sana na baraza la wazee wa kanisa kule Machame. Nikamweleza kwamba kwao anguko halikuanza na Adamu. Lilianza juu kabisa, kwa Hekima, aliyetaka kuzaa peke yake bila mwenzi wake kuridhia. Akazaa kiumbe kisichofanana naye, akaona aibu, akakitupa mbali na kukificha ndani ya wingu ili wenzake wasikione. Kiumbe hicho kisichomjua mama yake ndicho kilichoumba ulimwengu huu, kikidhani kiko peke yake.

Mama Danieli aliweka kijiko chini. "Akamtupa?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mtoto alikuwa amefanya nini?"

Nilisema ni lugha ya mafumbo, hawakumaanisha mtoto hasa. Akaniangalia kama alivyomwangalia mtu aliyekunja shuka vibaya. "Na huyo mama, ikawaje?" Nikamwambia alilia, alitubu, maombi yake yakasikika, ila hakurudishwa mahali pake pa zamani papo hapo. Aliwekwa chini kidogo, asubiri mpaka upungufu wake utengenezwe. "Kumbe hata huko juu kuna kutengwa," Mama Danieli alisema, akainuka kuosha sahani.

Ningekuwa na akili ningenyamaza pale. Lakini Jumamosi iliyofuata niliendelea, yeye akiwa kwenye kitambaa, mimi nikiwa na kikombe changu karibu na dirisha, theluji ikianguka nje. Nilimweleza kuhusu askofu mmoja maarufu wa Afrika Kaskazini, aliyefundisha kwamba katika Adamu sote tulianguka, hivyo mtoto mchanga akifa bila ubatizo huhukumiwa, japo adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Nilisema "nyepesi kuliko zote" kama mtu anayetetea bei. Pasi ilisimama. Akaiinua, akaiweka wima, akachomoa waya ukutani, na hapo ndipo aliponieleza, akiongea na kitambaa na siyo na mimi.

Alipata mimba akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mwalimu aliyehamishwa akahama na ahadi zake. Alivunja amri ya sita, kama tunavyosema kwetu kwa heshima, na baraza la wazee likamtenga. Akawa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, haruhusiwi kushiriki Chakula cha Bwana. Njia ya kurudi kundini ilijulikana: unasimama Jumapili mbele ya usharika wote, unasema kosa lako, unaombewa. Mtoto alipozaliwa, wazee wakasema ubatizo usubiri mpaka mama arudi. Wakamletea maneno ya kusema. Aliyakubali yote isipokuwa pale palipomtaka amwonyeshe mtoto na kumwita tunda la dhambi yake. Akaomba maneno hayo yaondolewe, wakakataa, naye akakataa. Waliambizana watakutana mwezi ujao. Mtoto, msichana, alipata homa, akafa akiwa na wiki saba. Mchungaji hakuja, kengele haikupigwa. Bibi yake alimvika kanga, wakamzika mgombani, bibi na mama peke yao. "Jina nilimpa mwenyewe," alisema, "nikiwa namnyonyesha." Akanitajia, mara moja tu, kwa sauti ya chini. "Usiliandike kwenye makaratasi yako." Ndoa yake na baba Danieli waliifunga bomani, siyo kanisani. Nilimwambia huku Toronto hakuna anayejua habari za Machame, kwa nini asipokee tu kama wengine? Alichomeka tena waya. "Kuhama nchi siyo kutubu, Tumaini."

Nilitaka kumpa kitu. Wiki ile ile nilitafuta mpaka nikampata mwalimu wa kale zaidi kuliko yule askofu, aliyefundisha kule Gaul, Ufaransa ya leo, kwamba Adamu na Hawa waliumbwa wakiwa watoto, hawajakomaa, na wakadanganywa kama mtoto anavyodanganywa, na Mungu akaendelea kuwalea. Nilimsomea nikiwa nimesimama ubavuni mwa ubao. Alinirudisha nyuma mara mbili nisome tena. "Huyu," alisema, "ana watoto nyumbani." Kwa siku kadhaa alikuwa akiimba jikoni, na mimi nikaamini kwamba kweli maarifa yanaokoa, na kwamba mwokozi alikuwa mimi. Siwezi kuandika sentensi hiyo hata leo bila uso kunipata moto.

Tulikuwa na zamu za kuleta neno, na zamu yangu iliangukia Jumapili ya Kwaresima. Nilisoma habari ya bustani. Nilieleza wazee wangu, nikaona watu wananifuata, na utamu wa kusikilizwa ukanipanda kichwani. Nikaanza kushambulia desturi ya kutenga watu. Nilisema mzigo wa Adamu tumewabebesha wanawake na watoto wachanga. Nikasema, kwa sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, "Yuko mama hapa hapa kati yetu, ameiandaa meza hii kwa miaka na hajawahi kuila, kwa sababu alikataa kumwita mwanawe dhambi, na mwanawe akazikwa bila mchungaji." Sikutaja jina la mtu. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Lakini ushirika wetu ulikuwa na watu thelathini na tano, na kila mmoja alijua nani anaandaa meza. Vichwa vyote viligeuka kuelekea mlango wa jikoni. Alikuwa amesimama pale na sinia la vikombe. Alilipeleka mpaka mezani, akavipanga vikombe kwa mstari, vishikio vyote upande mmoja, akavaa koti lake na kutoka. Nilipofika kituoni basi lilikuwa limeshamchukua.

Jumatano alasiri walikuja Mzee Kimaro, kiongozi wetu, na mkewe. Mzee Kimaro alikuwa dereva wa teksi siku za wiki, mtu mwema, na ninasema hivyo nikimaanisha. Alikuwa amepiga chapa karatasi moja. "Dakika tano tu, Mama Danieli. Sisi wenyewe kwa wenyewe. Jumapili unasoma hapa, tunakuombea, unashiriki, yamekwisha." Mama Danieli aliwapakulia mtori kwanza, akangoja wamalize. Kisha akavaa miwani akasoma. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha Danieli, nikiona kwamba anaweza kukubali, na kwamba labda ujinga wangu ungezaa jambo jema. Kidole chake kilisimama katikati ya karatasi.

"Haya maneno ya tunda yamefikaje Kanada?"

"Ni utaratibu tu, mama. Yamo kwenye kitabu."

"Baba, mimi nilianguka. Hilo nitalisema hata redioni. Lakini mwanangu hakuanguka. Alikuwa hajajua hata kukaa."

Mke wa Mzee Kimaro aliinamisha kichwa. Mzee akasema hana mamlaka ya kubadilisha maneno. Mama Danieli akaikunja karatasi mara tatu, kingo kwa kingo, akamrudishia. Wakaomba, wakaaga. Mlangoni, mke wa Mzee Kimaro akageuka, akasema kwa kusitasita kwamba, kwa kuwa sasa jambo limejulikana, baadhi ya kina mama wanaona vibaya aliyetengwa kushika vyombo vya meza. Mama Danieli alikwenda chumbani, akarudi na kitambaa kimekunjwa, kikombe, na sahani ya mkate. Akampa. "Kipigwe kikiwa na unyevu," alisema, "na uanzie katikati."

Hilo ndilo nililolifanya mwaka ule. Nilidhani nampigania, kumbe nilimnyang'anya kazi pekee iliyokuwa ikimfikisha karibu na ile meza. Jumapili zilizofuata alikuja, akakaa benchi la nyuma, na kitambaa mbele kilikuwa na mikunjo. Watu walipokwenda kupokea hakuwa na chai ya kukoroga. Siku ile wageni walipoondoka nilimwangukia miguuni, nikalia, nikasema maneno mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Ulisema kweli," aliniambia. "Lakini haikuwa yako." Halafu akauliza, "Jina lake ulilitaja?" Nikasema hapana. "Basi," akasema. Hakunifukuza, hakunipandishia sauti, na mtori uliendelea kuwa mezani. Ila hakuniuliza tena wazee wangu wamesemaje. Ubao wa pasi ulibaki wazi bila kazi Jumamosi, nasi tulipita kwa kugeuka ubavu mpaka Juni nilipohama. Tasnifu niliimaliza, nikasifiwa kwa sura ya wale wanaomwita Hekima mama aliyeanguka. Cheti kiko kabatini nyuma ya makoti. Baadaye nilijizoesha kumpigia simu kila Jumamosi mchana, na alipokea kila mara, tukaongea bei ya ndizi na magoti yake, kwa miaka karibu thelathini. Sikuwahi kuuliza kama amenisamehe. Niliogopa jibu, na pia niliona hiyo nayo haikuwa yangu kuidai.

Alhamisi nilikwenda Mount Dennis kutoka Unionville ninakoishi sasa. Danieli, mwenye mvi kunizidi, alikuwa jikoni anapiga pasi shati la mazishi kwenye ubao ule ule. Alinikaribisha kiti, akatoa bahasha kutoka juu ya jokofu. "Nimeipata jana kwenye Biblia yake," alisema. "Ameshaandika mwenyewe. Wewe ni wa kusoma tu, nadhani. Except one thing."

Ulikuwa mwandiko wake, uliosimama wima, herufi zimepangwa kama vikombe. Alizaliwa Machame. Alibatizwa, akapata kipaimara, tarehe zote zipo. Na chini yake, kwa wino ule ule, bila kukwepa: *Alitengwa akiwa na miaka kumi na tisa. Hakurudi kundini. Aliendelea kumwamini Mungu.* Nikasoma mstari uliofuata. *Alijaliwa watoto wawili.* Palikuwa na namba moja, kisha nukta, nukta, nukta mpaka mwisho wa mstari. Namba mbili, Danieli. Na pembeni mwa zile nukta aliandika kwa herufi ndogo: *Tumaini analijua jina. Alilitunza.*

Neno hilo la mwisho nililisoma mara nyingi mpaka likapoteza maana. Danieli alizima pasi. "Nilisikia zamani kulikuwa na mtoto," alisema. "Watu wa church, you know. Nilikuwa nangoja Mama aniambie. Hakuniambia. Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu nilimkosea," nilisema. Lilikuwa jibu la ajabu, lakini ndilo nililokuwa nalo, na yeye hakuniuliza zaidi.

"Boy or girl?"

"Msichana. Wiki saba."

Nikaomba kalamu. Niliandika polepole, juu ya nukta, herufi moja moja. Danieli akainama juu ya bega langu akasoma kwa shida ya mtu aliyekulia mbali, akarudia, akalipata. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia kwa Kichagga ni kumshukuru Mungu. Alikwenda dirishani akasimama akinipa mgongo, nami nikamwacha.

Jumamosi nilisimama mbele ya watu, katika ukumbi ule ule wa Etobicoke. Mzee Kimaro alikuwa mstari wa kwanza kwenye kiti cha magurudumu, mkewe akiwa ameshafariki, na mkono sikioni ili asikie. Nilisoma ubatizo. Nilisoma kutengwa, kama alivyoandika mwenyewe, na hakuna kichwa kilichogeuka, maana safari hii aliyekuwa akisema ni yeye. Kisha nikasoma kwamba marehemu alijaliwa watoto wawili, na nikalitaja kwa sauti, kwa mara ya kwanza mbele ya kanisa lolote, jina la mtoto wa kwanza. Aikaeli.